Mlio wa Motokaa Kuukuu: Uhoji Kabla ya Kununua Kipuri



Katika nyumba nyingi za jamaa zetu motokaa si pambo. Ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitali usiku wa manane, ndiyo inayowachukua watoto skuli na chuoni, na pengine ndiyo inayomtafutia bwana wa nyumba riziki yake. Tena aghalabu motokaa hiyo si mpya. Imepita katika mikono ya watu wawili watatu kabla ya kutufikia, na umri wake ni miaka 20 au zaidi. Basi siku inapoanza kuvuma, au kugonga, au kutetemeka, mwenye nyumba huingiwa na hofu mbili kwa mara moja: hofu ya maisha ya watu wake na hofu ya mfuko wake.

Hapo wengi wetu hufanya moja katika mambo mawili, na yote mawili hayafai. Wako wanaoongeza sauti ya redio ili wasiusikie ule mlio. Na wako wanaokimbilia gereji na kusema neno moja tu: "Gari linalia." Fundi hubadili beringi, mlio ukabaki. Hubadili shokapu, mlio ukabaki. Hubadili matairi mawili, mlio ungali pale pale, na fedha iliyowekwa kwa ajili ya karo imekwisha. Wala si lazima fundi huyo awe mwizi. Yeye aliletewa shauri lisilo na ushahidi, akahukumu kwa kubahatisha.

Mwezi huu, basi, twapenda kuzungumza juu ya namna ya kuuhoji mlio na mtetemo unaotoka katika viungo vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Maswali yenyewe ni machache. Hayataki chombo chochote ila sikio, daftari na subira, na kila mtu wa nyumba aweza kuyashiriki.

NJIA INAYOPITA NGUVU

Kwanza yatupasa kuijua njia. Katika motokaa inayosukumwa kwa magurudumu ya nyuma, nguvu hutoka injini ikaingia klachi, kisha giaboksi, kisha propela, yaani ule mhimili mrefu wa chuma unaopita chini ya sakafu. Propela huifikisha kwenye difu, na difu huigawa kulia na kushoto kwa ekseli mbili mpaka magurudumuni. Ndivyo zilivyo HiAce za zamani, Hilux, na Corolla nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1983. Zile za magurudumu manne, kama Land Rover na Land Cruiser, huwa na propela mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma.

Motokaa ndogo nyingi za siku hizi husukumwa kwa magurudumu ya mbele. Hizo hazina propela wala difu ya nyuma. Difu yao imo ndani ya giaboksi, na nguvu hutoka hapo moja kwa moja kwa ekseli mbili fupi, kila moja ikiwa na jointi mbili zilizofunikwa kwa buti za mpira.

Ijue yako ni ya namna gani kabla ya jambo lolote. Tumepata kusikia habari za mtu aliyeambiwa propela yake imechakaa, na motokaa yake haina propela.

SWALI LA KWANZA: MLIO HUTII AMRI YA NANI?

Katika motokaa viko vitu vinavyozunguka kwa kufuata mwendo wa injini, navyo ni injini yenyewe, feni, mikanda na klachi. Na viko vinavyozunguka kwa kufuata mwendo wa magurudumu, navyo ni propela, difu, ekseli, beringi za magurudumu na matairi. Mlio hauna budi kumtii mmoja katika mabwana hawa wawili. Ukimjua bwana wake, umekwisha kuondoa nusu ya vitu vyote vya kushukiwa, nawe hujatoa hata senti moja.

Njia ya kumjua ni nyepesi. Tafuta barabara iliyonyoka, tambarare, isiyo na watu. Nenda kwa mwendo ule unaoutoa mlio, tuseme kilomita 60 kwa saa, katika gia ya nne. Sikiliza. Kisha rudi kwenda kwa kilomita zile zile 60, lakini katika gia ya tatu. Magurudumu hayakubadili mwendo wake, ila injini sasa inazunguka upesi zaidi. Kama mlio umebadilika ukawa mkali zaidi, bwana wake ni injini. Kama umebaki vile vile, bwana wake ni magurudumu. Hata motokaa yenye gia za kujibadili yenyewe huwa na namna ya kuizuia isipande gia ya juu, na jaribio hili hufaa kwake pia.

Kisha simamisha motokaa, vuta breki ya mkono, weka gia huru, ukanyage mafuta taratibu mpaka injini ifikie mwendo ule ule. Ukiusikia mlio na hali motokaa imesimama, usimtume mtu kununua matairi. Tazama mauntingi za injini, tazama bomba la ekzosi kama linagusa chesisi, sikiliza mikanda na feni.

Wenye klachi ya mguu wana ushahidi mmoja zaidi. Motokaa ikiwa imesimama katika gia huru, na mguu haupo juu ya klachi, ukasikia mvumo, kisha ukikanyaga klachi mvumo ukatoweka, mshuku beringi ya mhimili wa kwanza wa giaboksi. Lakini kama palikuwa kimya, na mlio ukaja pale unapokanyaga, mshuku beringi ile inayosukuma klachi. Beringi hizi mbili zimekaa karibu karibu na milio yake yafanana, lakini kazi ya kuzifikia na gharama yake si moja. Mguu mmoja umezitenga.

SWALI LA PILI: MZIGO UKIBADILIKA, MLIO WASEMAJE?

Kiungo kilichochakaa huwa na nafasi, na nafasi hiyo husema pale nguvu inapogeuka upande. Kwa hiyo mlio ujaribiwe katika hali tatu: unapokanyaga mafuta motokaa ivute, unaposhika mwendo mmoja, na unapoachia mafuta motokaa ikajiburura.

Mvumo mwembamba kama wa nyuki, unaokuja wakati wa kuvuta tu, au wakati wa kuachia tu, aghalabu ni wa meno ya difu. Kila jino lina pande mbili; upande mmoja hufanya kazi wakati wa kuvuta na wa pili wakati wa kuachia, na upande uliolika ndio unaolalamika. Lakini ngurumo nzito isiyojali kuvuta wala kuachia, bali hufuata mwendo tu, yaelekea zaidi kwenye beringi.

Kishindo kimoja cha chuma, "ko!", unapoachia klachi kuondoka, au unapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, ni dalili ya nafasi iliyozidi mahali fulani katika njia ile. Yaweza kuwa jointi ya propela, au meno yake ya kuteleza, au difu, au mauntingi iliyokatika ikaiacha injini iruke. Na mtikisiko unaokuja wakati wa kuondoka tu, ukatulia motokaa ikishika mwendo, katika motokaa yenye propela ya vipande viwili wapasa kukupeleka kwenye senta beringi iliyoshika pale katikati, na mpira wake.

SWALI LA TATU: PINDO NA BARABARA

Beringi ya gurudumu huvuma kwa mwendo, na tairi lililolika vibaya huvuma kwa mwendo vile vile. Wengi wamezichanganya mbili hizi na kulipa mara mbili. Tofauti yake ni hii. Unapopita kutoka lami ya kokoto nene kwenda lami laini, mlio wa tairi hubadilika sana, na wa beringi haubadiliki sana. Na unapopinda kwa upole katika pindo refu la kushoto, uzito wa motokaa huegemea upande wa kulia. Basi ngurumo ikizidi hapo, na ikipungua katika pindo la kulia, mshuku beringi wa upande wa kulia. Jambo hili lifanywe katika pindo za barabara zenyewe, si kwa kuyumbisha motokaa katikati ya watu.

Kama shaka ingalipo, na matairi yote ni ya kipimo kimoja, yahamishe ya mbele yaende nyuma. Mlio ukihama pamoja nayo, mwenye hatia ni tairi. Ukibaki mahali pake, tairi halina hatia.

Kwa motokaa za magurudumu ya mbele, swali la pindo ndilo kubwa kuliko yote. Geuza usukani mpaka mwisho mahali pa wazi, uondoke polepole kwa kukanyaga mafuta. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" inayoongezeka kwa kadiri unavyokwenda, ni jointi ya nje ya ekseli, ile iliyo karibu na gurudumu. Jointi ya ndani haina tabia hiyo. Yenyewe hutikisa motokaa unapovuta kwa nguvu katika njia iliyonyoka, na ukiachia mafuta hutulia. Mara nyingi chanzo chake ni buti ya mpira iliyopasuka siku nyingi, grisi ikatoka, mchanga ukaingia. Buti ni ya bei ndogo, jointi ni ya bei kubwa, na hii ndiyo maana ya wazee kusema usipoziba ufa utajenga ukuta.

HESABU KIDOGO KWA VIJANA

Vijana wetu walio skulini watafurahi kujua kwamba mtetemo waweza kutambulishwa kwa hesabu. Motokaa inayokwenda kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 22 katika kila sekunde. Tairi la motokaa ya kadiri lina mzingo wa karibu mita 1.9. Gawanya, utapata kwamba tairi huzunguka kama mara 11 au 12 kwa sekunde. Tairi lisilo sawa uzito, au rimu iliyopinda, hutikisa mara moja kwa kila mzunguko. Mtetemo huo ni mzito, karibu uweze kuufuata kwa jicho, na huonekana katika usukani ukiwa tairi ni la mbele, au husikika katika kiti ukiwa ni la nyuma.

Propela huenda upesi zaidi kuliko gurudumu. Kama uwiano wa difu ni 4.1, propela huzunguka mara 4.1 gurudumu linapozunguka mara moja. Basi kwa mwendo ule ule, propela inazunguka kama mara 47 kwa sekunde, yaani karibu mara 2,800 kwa dakika. Mtetemo wake hauonekani kwa jicho. Ni mzizimo wa sakafuni unaopanda nyayoni, kama wa mtu aliyesimama karibu na mashine ya kusaga nafaka. Mtu akijua tofauti hii hatakubali kusawazishiwa matairi mara tatu kwa ajili ya mzizimo wa sakafu.

KISA CHA PROPELA

Propela yastahili maneno zaidi, kwa sababu kosa lake ni rahisi kutendeka na gumu kutambulika. Miishoni mwake mna jointi zenye umbo la msalaba, ambazo huiwezesha kuzunguka hali imeinama, kwani giaboksi na difu haziko katika kimo kimoja. Kiungo cha namna hii huitwa kwa jina la Girolamo Cardano wa Italia, aliyeishi tangu 1501 mpaka 1576, na pia kwa jina la Robert Hooke wa Uingereza, aliyeishi tangu 1635 mpaka 1703.

Kiungo hiki kina tabia moja ya ajabu. Kikizunguka hali kimepinda, hakitoi mwendo ulio sawa. Hata ukikizungusha kwa mwendo mmoja upande huu, upande wa pili huharakisha mara mbili na kukawia mara mbili katika kila mzunguko. Katika pembe ya nyuzi 10, tofauti hiyo ni karibu sehemu 1.5 katika 100, juu na chini. Yaonekana ni kidogo, lakini kumbuka kwamba yatokea mara nyingi katika kila sekunde moja. Dawa yake ni kuweka jointi mbili, ya pili ikiharakisha pale ya kwanza inapokawia, zikafutana. Nazo haziwezi kufutana ila kwa masharti mawili: pembe za mbele na nyuma ziwe sawa, na pembe-uma mbili zilizomo katika propela hiyo, zile zishikazo misalaba, zielekee upande mmoja.

Tuchukue mfano. Bwana mmoja ana pikapu. Tangu mwezi uliopita, kila afikapo kilomita 70, sakafu huzizima. Usukani umetulia. Gia ya tatu na ya nne mzizimo ni ule ule, basi si injini. Matairi yamesawazishwa mara mbili, na hali haikubadilika. Fundi mmoja asema difu, mwingine asema giaboksi, na bei za vyote viwili zamkosesha usingizi. Mkewe amwuliza: "Hali hii ilianza lini hasa?" Akikumbuka vizuri, ilianza siku propela iliposhushwa kubadilishwa jointi. Hapo ndipo penye jibu. Katikati ya propela mna meno ya kuteleza, na fundi alipovitenga vipande viwili hakuweka alama. Alipovirudisha alivirudisha jino moja au mawili kando. Pembe-uma hazielekei tena upande mmoja, na jointi ambazo zilikuwa zikifutana sasa zasaidiana kutikisa. Tiba ya ugonjwa huu haitaki kipuri chochote. Yataka kushusha propela, kulinganisha pembe-uma, na kuirudisha.

Kwa hiyo swali la "ilianza lini, na baada ya kazi gani?" lina thamani kuliko vyombo vingi vya gereji. Na propela ikishushwa, ipigwe alama ya rangi kila inapoungana, ili irudi kama ilivyokuwa. Itazamwe pia kama imebonyea, kama kipande kidogo cha chuma kilichochomelewa kuisawazisha kimeanguka, au kama imegandwa na tope kavu. Motokaa zilizoinuliwa springi zake, au zinazopakiwa kupita kiasi, hubadili pembe za jointi, na mzizimo waweza kutoka huko.

KUTAZAMA CHINI

Baada ya kusikiliza huja kutazama. Lakini twaonya kwa mkazo: mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Chini pawe pagumu, magurudumu yaliyobaki yazuiwe kwa magogo, na motokaa ikae juu ya stendi madhubuti za chuma. Matofali hupasuka ghafula, nayo hayafai. Injini iwe imezimwa, na watoto wawe mbali.

Ishike propela kwa mikono uizungushe huku na huku. Nafasi katika jointi huonekana, na vumbi jekundu la kutu kandokando ya msalaba ni alama kwamba grisi imekauka ndani. Jointi zenye chuchu za grisi hutaka kutiwa grisi kila zifikapo kilomita zilizotajwa katika kitabu cha motokaa, na wengi huzisahau kwa sababu hazionekani.

Lishike gurudumu lililoinuliwa, mkono mmoja juu na mmoja chini, ulitikise. Likicheza, mtu mwingine atazame ni beringi au ni jointi ya usukani. Kisha lizungushe polepole na kuweka kidole juu ya springi. Beringi mbovu huleta ukwaru ambao kidole huusikia hata pale sikio linaposhindwa.

Fungua tundu la kujazia oili katika difu. Katika motokaa nyingi oili hutakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu hilo. Paka kidogo kidoleni. Weusi si ajabu, lakini vipande vinavyometameta ni habari mbaya. Wala oili isitiwe yoyote tu. Difu nyingi za nyuma hutaka oili ya daraja la GL-5, na giaboksi nyingi za zamani hutaka GL-4, kwa kuwa nyingine katika zile za GL-5 huweza kudhuru pete za shaba zilizomo. Na kama meno ya difu yamelika, yale mawili, pete kubwa na pinioni yake, hubadilishwa pamoja, kwani hutengenezwa yakilingana.

MLIO USIONGOJA KESHO

Yako mambo ya kuandika katika daftari na kuyapeleka gereji siku ya Jumamosi. Na yako mambo ya kusimama hapo hapo, hata kama mna haraka ya harusi. Mgongo wa chuma unaorudiarudia chini ya sakafu, na mtetemo unaozidi kila dakika, huenda ni jointi ya propela inayokaribia kuvunjika. Propela ikianguka upande wa mbele yaweza kuchoma ardhi na kuinua motokaa. Mgongo wa gurudumuni unaosikika zaidi katika mwendo mdogo, hasa baada ya kubadilishwa tairi, huenda ni nati zilizolegea, na gurudumu lililo hivyo laweza kutoka. Kwa sababu hiyo nati zikazwe tena baada ya kilomita chache tangu tairi kufungwa. Usukani ulioanza kutikisika ghafula, harufu ya kuungua karibu na gurudumu, au bomba la gurudumu moja kuwa la moto mno kuliko mengine, yote haya ni amri ya kusimama. Washusheni watu, wakae mbali na barabara, na mwite fundi.

KUZUNGUMZA NA FUNDI

Sasa twende gereji. Aliyekwisha kuuhoji mlio wake hasemi tena "gari linalia". Husema hivi: "Fundi, kuna ngurumo. Huanza kilomita 50 na kuzidi kwa mwendo. Gia haziibadili. Katika pindo la kushoto huzidi, la kulia hupungua. Lami laini haiiondoi. Ilianza wiki mbili zilizopita, na hakuna kazi iliyofanywa kabla yake." Fundi mwema atafurahi kwa maneno haya, kwani amepunguziwa kazi ya nusu siku. Na fundi mbabaishaji atajua kwamba mbele yake yuko mtu mwenye ushahidi.

Mchukue fundi barabarani ausikie mlio kwa masikio yake. Kisha, na hili ndilo tunalotaka wasomaji wetu walikumbuke zaidi, patana naye ujira wa kuchunguza mbali na ujira wa kutengeneza. Sisi tumezoea kumlipa fundi anapofunga kipuri tu, na saa mbili alizotumia kufikiri twazihesabu kuwa bure. Basi tusistaajabu anapopenda kufunga vipuri kuliko kufikiri. Anayelipwa kwa kujua atatafuta kujua. Na kipuri cha zamani kikitolewa, omba ukione na ukishike. Beringi iliyokufa huonekana ukwaru wake, na iliyo nzima huonekana uzima wake.

Na katika nyumba, dereva asijione kuwa ndiye peke yake mwenye masikio. Yeye ana barabara ya kutazama. Mama aliyekaa kushoto, na mtoto aliyekaa nyuma karibu na gurudumu, mara nyingi husikia mapema na kujua ni upande gani. Mtoto akisema, "Baba, huku nyuma kuna kitu kinavuma," asinyamazishwe. Aulizwe: upande gani, na tangu lini. Hapo atakuwa amejifunza zaidi ya mambo ya motokaa.

Limebaki neno moja juu ya kuuza. Iko hila ya zamani, inayojulikana katika nchi nyingi, ya kutia unga wa mbao katika difu au giaboksi ili mlio unyamaze mpaka mnunuzi afike mbali. Mwenye kufanya hivyo hakuuza motokaa. Ameuza hatari, na hajui nani atakayepanda ndani yake kesho, mwana wa nani na mama wa nani. Mficha maradhi kifo humwumbua, lakini hapa mficha maradhi ni mmoja na anayeumbuka ni mwingine, na hilo ndilo linaloifanya hiana hiyo kuwa kubwa. Motokaa yenye mlio huuzika. Taja mlio wake, taja unachokijua, upunguze bei kwa kadiri yake, na mnunuzi aondoke akijua alichokinunua.

Juma hili basi, kabla ya safari yoyote ndefu, zima redio na ufungue madirisha. Pita kando ya ukuta mrefu, kwani ukuta hurudisha sauti za chini ya motokaa na kuzidhihirisha. Andika tarehe, mwendo, gia, mzigo na pindo. Ukurasa mmoja watosha. Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya breki.